Uso Juu ya Bati

Miongoni mwa aina nyingi za picha ambazo wanadamu wamezibuni tangu karne ya 19, iko moja iliyokuwa ndogo kwa bei na kubwa kwa maana. Ni picha ya bati. Waingereza na Wamarekani waliipa jina la madini ya bati, ingawa bamba lake ni chuma chembamba kisichokuwa na chembe ya madini hayo. Kiswahili kimeepukana na kosa hilo, maana neno bati katika lugha hii limekwisha panuka likachukua kila bamba jembamba la chuma, na zaidi ya yote lile linaloezekewa nyumba. Mtu wa kijijini akiambiwa kwamba uso wake utaandikwa juu ya bati hana haja ya kufasiriwa. Bati analijua: hulala chini yake, husikia mvua juu yake, na anafahamu kwamba likitunzwa huweza kuishi miaka mingi kuliko fundi aliyelipigilia misumari.

Sifa na upungufu wa picha hiyo vyaweza kupimwa popote, lakini kipimo kizuri ni Nyololo. Nyololo ni kijiji cha Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa, kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ikapita Iringa na Mafinga, ikaendelea hadi Makambako, Mbeya na mpaka wa Zambia. Hapo huchepuka njia ya kwendea Igowole, Kibao na Mgololo, penye kiwanda cha karatasi. Nchi imeinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika wilaya hiyo kuna mashamba ya chai na misitu mikubwa ya misindano. Katika miezi ya Juni na Julai baridi huwa kali, na ukungu wa asubuhi hukawia kuondoka. Mahali hapa panafaa kwa sababu mbili. Ya kwanza ni hewa yake, ambayo ni rafiki wa dawa zinazotumika katika kazi hii. Ya pili ni jambo lililotokea hapo mwaka 2012, ambalo humlazimisha kila anayeisifu picha ya bati kuzipima upya sifa zake.

Asili ya picha hiyo ni Ulaya na Marekani. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kushika nuru juu ya kioo kwa dawa iitwayo kolodioni. Mwaka 1853 Mfaransa Adolphe-Alexandre Martin akaeleza jinsi kazi ile ile iwezavyo kufanywa juu ya chuma. Na mwaka 1856 Hamilton Smith, mwalimu wa chuo cha Kenyon katika jimbo la Ohio, Marekani, akapewa hataza ya njia hiyo. Miaka mitano baadaye Wamarekani waliingia katika vita vya wao kwa wao, vilivyodumu tangu 1861 hata 1865. Askari waliokuwa wakienda kufa walitaka kuacha sura zao nyumbani, na jamaa walitaka kuwapelekea askari sura za watoto. Kioo huvunjika njiani. Bati hutiwa ndani ya barua likafika salama. Hivyo picha iliyokuwa anasa ya matajiri ikawa mali ya mkulima, mjakazi na askari wa miguu.

Afrika ya Mashariki haikuwa mbali sana na mambo hayo kama iwezavyo kudhaniwa. Katika karne ile ile wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walikuwa wakileta Unguja nguo nyeupe za pamba, ambazo mpaka leo huitwa merikani, na wakichukua pembe za ndovu na sandarusi. Sandarusi, ambayo ni utomvu wa kale uliochimbwa ardhini katika pwani ya Tanganyika, ilikwenda kuyeyushwa iwe vanishi. Picha ya bati nayo humalizwa kwa vanishi, na utomvu unaopendwa na mafundi wake ni ule wa mti wa Moroko ambao jina lake katika lugha za Ulaya lina udugu na neno sandarusi. Pamba na utomvu, vitu viwili vilivyopishana bandarini Unguja, ndivyo pia mwanzo na mwisho wa picha hii: pamba huwa kolodioni, na utomvu huwa kinga ya uso.

Kazi yenyewe huanza na bamba. Chuma chembamba hupakwa vanishi nyeusi iliyotengenezwa kwa lami na mafuta, kisha huokwa mpaka weusi ushikamane nacho. Kolodioni ni pamba iliyotiwa asidi kali, ikaoshwa, ikayeyushwa ndani ya etha na spiriti, na kuchanganywa na chumvi za iodidi na bromidi. Fundi huimimina katikati ya bamba, akaliinamisha kona moja baada ya nyingine mpaka dawa ienee yote, na iliyozidi akairudisha chupani. Ikianza kuganda kama utando wa maziwa, hulipeleka bamba gizani, penye taa nyekundu tu, akalitumbukiza ndani ya maji ya nitrati ya fedha kwa muda wa dakika tatu hivi. Likitoka lina rangi ya maziwa, nalo limekwisha kuwa jicho. Hutiwa ndani ya mfuniko usiopenya nuru, likapelekwa katika kamera, likaonyeshwa uso wa mtu kwa sekunde kadhaa, kisha likarudishwa gizani na kumwagiwa salfeti ya chuma. Kabla sekunde ishirini hazijapita maji safi hulizuia lisiendelee. Mambo haya yote, tangu kolodioni imiminwe mpaka maji ya kuzuia, hayana zaidi ya kama dakika kumi, maana bamba likikauka hupofuka.

Hapa ndipo hewa ya Nyololo inapoingia katika hesabu. Etha huchemka kwenye nyuzi 35 za sentigredi. Pwani, wakati wa kaskazi, fundi hushindana na joto linalomkausha bamba mikononi. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke, alipiga picha Unguja mwaka 1860. Lakini katika safari ya bara aliacha, akashika kalamu na rangi za maji, kwa kuwa joto la hema la giza lilimshinda. Katika nyanda za juu adui huyo hana nguvu. Bamba hukaa na ubichi wake muda mrefu zaidi, na nuru ya mahali palipoinuka ina wingi wa miali ya zambarau na ile isiyoonekana kwa macho, ambayo ndiyo chakula cha kolodioni. Ukungu ukishuka hupunguza nuru, na fundi huongeza hesabu. Lakini hatari hazipungui kwa sababu ya baridi. Etha hushika moto kwa mbali, na katika nchi ambayo kila nyumba huwasha jiko la mkaa jioni, chupa yake ni jirani mbaya. Nitrati ya fedha hutia vidole weusi usiotolewa na sabuni, na tone lake jichoni laweza kumpofusha mtu. Wazee wa kazi hii walisafisha picha kwa sianidi ya potasiamu, sumu ambayo kiasi chake kidogo huua. Fundi mwenye akili, akijua kwamba maji anayomwaga huenda mtoni ambako watu huchota, hutumia thiosulfati ya sodiamu, ambayo ni ya polepole lakini haiui.

Na achukuliwe mfano wa bibi mmoja, mkulima wa mahindi na viazi, aliyefika kwa fundi wa namna hiyo siku ya mnada, amejifunga kanga mpya na kitambaa begani. Salamu ya nchi hiyo, kwa Wahehe na Wabena, ni moja.

"Kamwene, Bibi."

"Kamwene, mwanangu. Nikae wapi?"

"Kaa hapa kwenye kigoda, ukiegemeze kisogo kwenye chuma hiki. Nitahesabu mpaka nane. Usitikisike."

"Na nikipumua?"

"Pumua, Bibi. Macho tu yatulie mahali pamoja."

Sekunde nane ni kitu kidogo katika maisha ya mtu, lakini ni kitu kikubwa katika kuketi. Katika sekunde moja mtu huweza kujifanya: akacheka asipokuwa na furaha, akajikaza asipokuwa na nguvu. Katika sekunde nane cheko huchoka na kushuka, na nguvu za bandia humwacha. Kinachobaki ni uso wenyewe ukiwa kazini, ukingoja. Wengi wanaozitazama picha za kale hudhani kwamba wazee walikuwa watu wa huzuni, kumbe pamoja na desturi ya nyakati zile kulikuwa na muda. Hakuna awezaye kulishika tabasamu lisitikisike. Kwa sababu hiyo picha za bati hufanana katika jambo moja, kwamba watu ndani yake huonekana kama wanaosikiliza.

Kiswahili husema kwamba mmoja hupiga picha na mwingine hupigwa. Maneno hayo yafaa kwa picha za haraka, ambazo mtu huweza kupigwa akiwa usingizini, au akipita njiani bila ya habari. Hayafai kwa picha ya bati. Aketiye asipokubali kutulia hapana picha. Hupatikana moshi wenye mabega. Bibi yule huifanya kazi pamoja na fundi: fundi huleta chuma na dawa, yeye huleta utulivu wake. Hapana awezaye kumnyang'anya mtu utulivu kama anyang'anywavyo mali. Hapana budi autoe. Tendo la kuutoa lina heshima, na heshima hiyo huonekana katika bamba hata kwa mtu asiyejua namna lilivyofanywa.

Bamba likisha kusafishwa na kuzuiwa kwa maji, hutolewa gizani, likatiwa katika dawa ya mwisho mbele ya mwenyewe. Kwanza sura huwa ya samawati na imefunikwa na utando kama maziwa. Halafu utando huyeyuka, na uso hupanda kutoka chini yake, macho kwanza, kisha paji, kisha mdomo. Watu wazima hunyamaza wanapoliona jambo hilo. Bibi hulitazama, halafu huligundua lililogeuka.

"Huyu ni mimi," asema, "lakini kitambaa kimehamia bega jingine."

Asema kweli. Picha ya bati haina bamba la kwanza linalogeuzwa likatoa la pili. Ile ile iliyotazama ndiyo inayotazamwa, kwa hiyo kulia kwa mtu huwa kushoto kama katika kioo. Maneno ya kanga husomeka kinyumenyume. Bibi huuona uso wake kama alivyozoea kuuona katika kioo chake, na majirani huuona kama wasivyouzoea. Kisha huuliza swali ambalo ndilo kiini cha jambo lote.

"Na wewe, mwanangu, utabaki na nini?"

"Sibaki na kitu, Bibi. Ni hiyo moja tu."

Neno hilo huitenga picha ya bati na karibu kila picha iliyokuja baada yake. Mpiga picha wa studio, tangu zile za kina Gomes na Coutinho zilizokuwako Unguja mwishoni mwa karne ya 19, hata ya Parekh iliyokuwako Mombasa na ya Bakor kule Lamu katika karne ya 20, alimpa mteja karatasi. Mama wa karatasi hiyo, yaani bamba au filamu, aliweza kubaki katika kabati la studio. Siku hizi simu hupiga picha na kuituma mahali ambapo aliyepigwa hatafika kamwe. Katika picha ya bati mama na mtoto ni kitu kimoja, na kitu hicho huondoka na mwenyewe. Yamkini mtu atasema kwamba hata bati laweza kupigwa picha kwa simu likaenezwa. Laweza, lakini kilichoenea ni habari ya bati, wala si bati lenyewe, lililokuwapo mbele ya uso ule na kuguswa na nuru iliyotoka kwake.

Kabla ya kuisifu zaidi, haki yataka utajwe ugumu mmoja unaouhusu moja kwa moja uso wa Mwafrika. Kolodioni haioni rangi zote. Huona samawati na zambarau. Nyekundu na manjano huzikosa. Mbingu ya samawati hutoka nyeupe, kanga nyekundu hutoka nyeusi, na ngozi ya kahawia, ambayo hurudisha samawati kidogo, hutoka nyeusi kuliko ilivyo machoni. Fundi aliyejifunza muda wake kwa nyuso za Wazungu, akija Nyololo na hesabu ile ile, atarudi na kanga nzuri na nyuso zilizozama gizani, kisha atailaumu ngozi. Kosa si la ngozi. Hesabu yapasa kuongezwa, na aketiye yapasa kuwekwa kivulini penye mbingu wazi, na shuka jeupe kutandikwa kando yake lirudishe nuru shavuni. Hapo uso hutoka wote, na hutoka kwa namna ya ajabu: kwa kuwa fedha juu ya bamba ndiyo weupe, na weusi ni wa chuma chenyewe, uso mweusi hauongezewi weusi na mtu yeyote. Umekwisha kuwamo ndani ya bati, na nuru huja kuonyesha tu mahali ulipo mfupa na mahali lilipo jicho.

Kwamba sanaa hii yaweza kumtendea haki mtu mweusi, ushahidi ulikwisha kuwapo Marekani. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa katika Maryland na kutoroka mwaka 1838, aliketi mbele ya kamera mara nyingi sana. Wanahistoria wamehesabu sura zake kama 160, na wamemwita Mmarekani aliyepigwa picha zaidi ya wote katika karne ya 19. Hakufanya hivyo kwa kujipenda. Wachoraji wa zama zake walizoea kuwachora watu weusi kwa mzaha, na Douglass aliamini kwamba kamera, ikitazamwa machoni bila hofu, itausema uongo wao. Alijua pia kwamba uzito wa picha hautoki katika lenzi peke yake. Hutoka katika jambo hili: nani aliyeitaka picha, na imefanywa kwa ajili ya nani.

Nyanda za Juu za Kusini zilikutana na kamera kwa njia tofauti kabisa. Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19 daktari wa jeshi la kikoloni la Wajerumani, Friedrich Fülleborn, alisafiri katika nchi za Nyasa na Ruvuma akiwa na mabamba ya kioo. Aliwapiga picha watu wa makabila ya nchi hizo, wengine wakiwekwa uso na ubavu, ili maumbile yao yapimwe na kulinganishwa. Mwaka 1902 ilichapishwa kazi yake juu ya vipimo vya miili, na mwaka 1906 kitabu kikubwa juu ya nchi na watu wake. Mtu akizitazama sura hizo leo huona ufundi mwema: nuru ni nzuri, ngozi haikuzama, macho yako wazi. Kitu kimoja hakimo, nacho ni mwenye sura kama mtu mwenye dai. Uso ulichukuliwa kama mfano wa udongo unavyochukuliwa shambani. Ukaenda Ujerumani, ukazidishwa kwa mtambo wa chapa, ukawafikia wasomaji wasiomjua mwenyewe. Naye akabaki alipokuwa, mikono mitupu.

Zama hizo hazikuchukua sura peke yake. Mtawala wa Wahehe, Mkwawa, alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikakatwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu chake cha 246, uliiamuru Ujerumani kulirudisha fuvu hilo katika miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, pale Gavana Edward Twining alipolikabidhi kwa Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, nalo likawekwa Kalenga, karibu na Iringa. Miezi sita ikawa miaka 35. Fuvu na picha si vitu vya mizani moja, na kuvisawazisha ni kukosa adabu mbele ya wafu. Lakini kuna swali moja lililo juu ya vyote viwili: kitu kilichotoka kwa mtu kitarudi lini kwa watu wake?

Kufika hapa picha ya bati yaonekana kuwa imeshinda kesi. Huombwa, haichukuliwi, hurudi kwa mwenyewe saa ile ile, haizidishwi na mtu asiye na ruhusa. Walakini Nyololo yenyewe ndiyo inayokataa hukumu hiyo isitolewe kwa haraka.

Siku ya Jumapili, tarehe 2 Septemba 2012, polisi waliwatawanya wafuasi wa chama cha CHADEMA waliokuwa wamekusanyika Nyololo. Daudi Mwangosi, mwandishi wa kituo cha televisheni cha Channel Ten na mwenyekiti wa Klabu ya Waandishi wa Habari ya Iringa, alikuwapo kazini. Aliuawa hapo kwa bomu la machozi lililofyatuliwa kwa karibu. Picha iliyopigwa muda mfupi kabla ya kifo chake ilimwonyesha akiwa amezungukwa na askari. Ilichapwa magazetini, ikaenea nchini na nje ya nchi. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, ilipoketi Iringa, ilimtia askari mmoja hatiani kwa kosa la kuua bila ya kukusudia, ikamhukumu kifungo cha miaka 15.

Hapana bamba la kolodioni ambalo lingeweza kuifanya kazi ya picha ile. Mauaji hayahesabu mpaka nane. Hayamngojei fundi amimine dawa, wala hayamwambii mtu aegemeze kisogo. Na hata kama bamba lingekuwapo, lingekuwa moja tu. Na kilicho kimoja hukunjwa, huzikwa, hutupwa mtoni, na habari yake ikaisha. Picha ile ilisalimika kwa sababu ya lile lile linaloonekana kuwa upungufu wa picha za siku hizi, yaani kwamba ilizaliwa kwa sekunde na kuzidishwa bila ya hesabu. Aliyeonekana ndani yake hakuombwa ruhusa, wala hakuwa na nafasi ya kuitoa. Lakini ilipigwa kwa upande wake. Watu ambao hawakuwapo Nyololo siku ile waliona kwa macho yao mtu mmoja akiwa katikati ya wenye silaha, na baada ya kuona hawakuweza tena kuwa watu wasiojua.

Basi wingi wa nakala si dhambi, na umoja wa bamba si utakatifu. Picha za Fülleborn zilikuwa nyingi, na wingi wao haukuwafaa waliomo. Picha ya Nyololo ilikuwa nyingi, na wingi wake ulimfaa aliyemo, ingawa ulimfaa akiwa amekufa. Bati la bibi ni moja, na umoja wake humfaa, kwa kuwa hakuna dhuluma iliyomfika inayohitaji mashahidi; kilichopo ni uso ambao wajukuu watautaka. Tendo baya lataka macho mengi. Uso wa mtu mwenye amani wataka macho machache yanayoujua. Anayevichanganya viwili hivi hukosa mara mbili: huzificha dhuluma kwa jina la adabu, na huzitangaza nyuso za watu kwa jina la habari.

Kwa wanafunzi wa zama hizi, ambao kila mmoja hubeba kamera mfukoni, jambo hili si la kale. Kila siku hupigwa picha za wagonjwa wodini, za watoto wa shule wasio na viatu, za wazee wakipokea msaada. Na aghalabu waliomo hawajui zimekwenda wapi. Hapana anayewataka watu hao watupe simu zao na kwenda kutafuta etha. Faida ya picha ya bati kwao ni kwamba hulazimisha kwa dawa yale ambayo simu huyaacha kwa dhamiri. Fundi wa bati hana hiari: ni lazima aombe, angoje, na atoe alichokifanya. Mwenye simu anayo hiari ya yote matatu, kwa hiyo mtihani wake ni mgumu zaidi.

Imebaki kazi ndogo ambayo mafundi wengine huisahau. Bamba likisha kukaushwa juu ya moto mdogo na kupakwa vanishi, hugeuzwa, na nyuma yake, juu ya weusi wa vanishi ya kwanza, hukwaruzwa kwa ncha ya msumari jina la aliyeketi, jina la mahali, na mwaka. Kazi hiyo haichukui dakika mbili. Uso usio na jina, baada ya vizazi viwili, huwa uso wa mtu yeyote, na uso wa mtu yeyote huweza kutumiwa na yeyote. Jina likiwapo, bati huwa na mwenyewe hata baada ya mwenyewe kuondoka. Na mjukuu atakayelikuta ndani ya sanduku, limefungwa katika kipande cha kanga, hatauliza huyu alikuwa mtu wa namna gani. Atalisoma jina, kisha ataligeuza bati.